Mtoto wa miaka saba apewa siku 30 aondoke kwa bibi yake: hii ni sheria ya Marekani au ni roho za majirani?

#1 MamaBaraka_AZ (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Niko Arizona, nabeba boksi mwaka wa tisa sasa, kazi yangu kuhudumia wazee majumbani. Tangu mwaka jana niko kwa mzee mmoja aliyepata kiharusi upande wa kulia. Mke wake ana miaka 68, nguvu bado anazo. Wanaishi kwenye ile mitaa ya 55+, yaani ya watu wa miaka 55 kwenda juu, ya geti na bwawa la kuogelea, watu wanatembelea vigari vya gofu. Mtoto haruhusiwi kuishi mle, anaruhusiwa kutembelea tu.

Mwezi Agosti binti yao aliingia kituo cha kuacha dawa za kulevya. Baba wa mtoto hajulikani alipo. Usiku wa manane afisa wa ustawi akampigia bibi simu: ama uje umchukue mjukuu wako leo, ama anakwenda kwa walezi asiowajua. Bibi akaendesha gari kwa muda wa saa mbili na nusu gizani, akarudi naye alfajiri. Ana miaka saba, yuko darasa la pili.

Tangu siku ile nyumba inaishi kwa kunong'ona. Baiskeli anaiendesha ndani ya gereji, kati ya gari na mashine ya kufulia. Viatu vyake havikai mlangoni. Basi la shule haliingii getini, kwa hiyo bibi anampeleka barabarani kwa gari, mtoto akiwa amelala kiti cha nyuma asionekane.

Wiki tatu zilizopita alichora kwa chaki pale mbele ya gereji. Jua, nyumba, na watu wanne. Wa nne ni mimi, kanichora na mkoba wangu. Nilipofika kazini saa kumi na mbili asubuhi nikamkuta bibi na nguo ya kulalia, kashika mpira wa maji, anasafisha. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Kabla hawajaona."

Walishaona. Barua ya chama cha wenye nyumba imekuja na picha ya ile michoro, ya rangi. Siku 30 mtoto awe ameondoka, baada ya hapo faini inahesabiwa kila siku.

Naomba kuuliza wanaojua: sheria ya Marekani kweli inaweza kumtoa mtoto kwa bibi yake? Au ni majirani tu wanatumia karatasi?

#2 Chalii_Ngarenaro

Dah, hapo kwenye mpira wa maji nimeweka simu chini kwanza.

Huku Arusha mzee akiishi bila mjukuu ndani watu wanaanza kuuliza kuna nini. Nani anamsomea meseji ya M-Pesa? Nani anatumwa sukari?

#3 Kamusi_Dallas

Dada, waambie watulie, hawafukuzwi. Sheria ya Haki ya Makazi ya 1968 inakataza kabisa kubagua familia yenye watoto. Waende mahakamani wadai na fidia.

#4 Wakala_Philly

Mkuu #3, usimpeleke dada wa watu vibaya. Sheria ya 1968 ilitaja rangi, dini na asili ya mtu. Jinsia iliingia 1974. Familia zenye watoto ziliingia 1988, pamoja na watu wenye ulemavu. Na mabadiliko hayo hayo ya 1988 yaliacha mlango kwa makazi ya wazee. Makazi ya aina hiyo yakitimiza masharti, kukataa watoto si kosa.

Milango ni miwili hasa. Kuna 62+, ambako kila anayeishi lazima awe na miaka 62 au zaidi. Na kuna 55+, ambako angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa ziwe na mtu mmoja mwenye miaka 55 au zaidi, jumuiya itangaze na kufuata taratibu zinazoonyesha nia yake, na ihakiki umri wa wakazi. Mwanzo walitakiwa pia wawe na huduma maalumu za wazee. Sharti hilo likaondolewa mwaka 1995.

Nafanya kazi ya kuuza nyumba, haya maswali nayapata kila mwezi.

#5 Kamusi_Dallas

Nimekubali, #4. Kumbe nilikariri nusu. Lakini hapo kwenye asilimia 80, inamaanisha 20 zilizobaki ni za familia zenye watoto?

#6 Nyakio_Lowell

Nimekuja mbio nikidhani kuna mambo ya ndoa. Kwetu Kenya ukisema "bibi" wengi tunasikia mke, sasa nasoma "bibi anamlea mjukuu", nikajiuliza huyu mke amezaa lini wajukuu. Sisi tunasema shosho.

Dada #1, pole sana. Huyo shosho ana karatasi za kumlea mtoto, ama alipewa tu kwa mdomo usiku ule?

#7 Kambo_Fort_Worth

Nyakio hauko peke yako, hata Lubumbashi bibi ni mke. Mzazi wa baba au wa mama tunamwita kambo, ndiyo jina langu hapa.

#8 Wakala_Philly

#5, hapana, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Ile 20 si haki ya mtu yeyote. Ni nafasi ya jumuiya kupumua: mume akifa na mke ana miaka 51, au nyumba imerithiwa na mtoto mkubwa. Jumuiya inaweza kuamua itumie vipi, na inaweza kuweka masharti makali zaidi ya yale ya serikali.

#9 MamaBaraka_AZ (mleta uzi)

Ahsanteni. #6, karatasi aliyonayo ni ya muda kutoka mahakama ya watoto. Binti yao pia ameandika barua kwa mkono kutoka kituoni kwamba amemkabidhi mama yake. Barua iko mlangoni mwa friji, imebandikwa kwa sumaku ya cactus.

#10 Fundi_Hesabu

Wakuu mbona hamsomi alichoandika #4? Kasema "angalau mtu MMOJA mwenye 55 katika nyumba". Kinachohesabiwa ni nyumba, vichwa vya waliomo havihesabiwi. Bibi ana 68, babu sijui ngapi lakini ni mzee. Nyumba yao inaingia kwenye 80 hata wakiishi na wajukuu sita. Huyu mtoto hajaipunguzia jumuiya hata nukta moja!

Kwa hiyo ile hoja ya "tutapoteza hadhi yetu" mimi siikubali. Ingekuwa 62+ ningenyamaza, kule kila kichwa kinahesabiwa.

#11 Nesi_Tampa

Fundi, hesabu yako ni sahihi, lakini ni sharti moja kati ya matatu. Lile la taratibu ulilipita haraka. Jumuiya ikiandika "hakuna mkazi chini ya miaka 19" halafu ikafumbia macho nyumba hii na ile, siku ikishtakiwa na familia nyingine wataulizwa: mbona hamfuati mlichoandika? Wanasheria wa vyama hivi wanawatisha viongozi na jambo hilo kila mkutano.

Naomba pia niseme jambo ambalo halitapendwa. Nimewahudumia wazee wa mitaa hii Florida miaka 14, kumi na mmoja nimewafunga macho mwenyewe. Si watu wabaya. Nilikuwa na mama mmoja aliyefundisha shule ya msingi miaka 34. Aliniambia, "Sauti yangu yote niliwapa watoto, iliyobaki nataka nikae nayo." Aliuza nyumba aliyozalia wanawe ili anunue utulivu ule. Na hao wazee wa dada #1 walinunua utulivu huo huo, wakasaini karatasi ile ile. Jirani anayelalamika anadai alichokilipia.

#12 Chalii_Ngarenaro

Nesi nakuheshimu, ila mtoto anayenong'ona gereji anamharibia nani utulivu?

#13 Nesi_Tampa

Huyo hamharibii mtu, nakubali. Ila kiongozi wa chama haulizi kama mtoto ana kelele, anauliza kama yupo. Huku The Villages, ile jumuiya kubwa ya wastaafu ya Florida, kanuni ni kwamba aliye chini ya miaka 19 anatembelea siku 30 kwa mwaka, basi. Ingawa hata kule wametenga vijiji vichache vya familia, watoto wanaishi kihalali. Kwa hiyo nikiulizwa, wanajua kabisa kwamba inawezekana.

#14 Mzee_Kigamboni

Shikamooni mnaostahili, marahaba wengine. Mimi nimestaafu, niko hapa Dar, lakini miaka ya tisini nilisoma Tempe na nilifanya kazi za bustani kwenye mitaa hiyo. Nitoe historia kidogo.

Jambo hili lilizaliwa huko huko Arizona. Youngtown ilianza 1954, mji wa kwanza Marekani kujengwa kwa ajili ya wazee tu. Jirani na hapo, mjenzi Del Webb akafungua mtaa wa wazee wa Sun City tarehe 1 Januari 1960, na wikiendi ile ya kwanza watu karibu laki moja walimiminika kuangalia nyumba za mfano. Watu walikuwa wanastaafu wakiwa na afya na pensheni, hawajui wafanye nini na siku zao.

Sasa msikilizeni Fundi na Nesi wanavyobishana kuhusu asilimia. Mimi nasema fuateni fedha. Mtaa usio na watoto hauhitaji shule, na asiyehitaji shule hataki kodi ya shule. Wazee wa Sun City walipiga kura kukataa mikopo ya kujenga shule mara nyingi kiasi kwamba ikaishia wakatengwa na wilaya ya shule ya Peoria katika miaka ya sabini. Mtoto mmoja wanamwona ni mlango wa wengine, na wengine ni kodi.

Na kuna mwisho wa Youngtown ambao mleta uzi aufikishe kwa yule mama. Miaka ya tisini wazee fulani pale walimpokea mjukuu wao wa kiume, kijana aliyekimbia mateso ya baba wa kambo. Mji ukataka kuwatoza faini. Familia ikagoma kumtoa. Mambo yakafika kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, ikaonekana ile kanuni ya umri haikuwa imewekwa kihalali, na 1998 Youngtown ikaacha kuwa mji wa wazee. Mji wa kwanza kabisa wa aina yake, na kilichoufungua ni mjukuu mmoja.

#15 Wakala_Philly

Shikamoo, mzee wangu. Kisa cha Youngtown ni cha kweli, lakini tusimpe mama wa watu matumaini ya bei rahisi. Pale kanuni yenyewe ilikuwa na kasoro. Mitaa mingi ya sasa masharti yamesajiliwa pamoja na hati ya kila nyumba, yamepitiwa na wanasheria.

Kinyume chake kuna kesi ya upande wa Clearwater, Florida. Babu na bibi walikuwa wanamlea mjukuu wa kike tangu mchanga kwa sababu mama yake ana matatizo ya dawa za kulevya. Wakataka kuuza nyumba waondoke wenyewe, lakini ni wakati bei za nyumba zilipoporomoka, hakuna mnunuzi. Chama kikawapeleka mahakamani, mtoto ana miaka sita.

#16 Mzee_Kigamboni

Sikusema ashinde, nimesema ajue. Kujua kwamba kuna mtu aligoma kabla yako ni jambo kubwa.

#17 Bi_Mkunazini

Mimi natoa salamu kutoka Maskati. Bibi yangu alikuja huku kutoka Unguja, alikufa kwenye nyumba yenye vizazi vinne, na mjukuu wa mwisho ndiye aliyemshika mkono. Siwahukumu Wamarekani. Ila naona sababu si kodi wala hesabu. Wao wamezoea kwamba kila umri una pahala pake: watoto shule, vijana chuoni, wazee kwenye mtaa wa wazee. Mtoto akitokea pahala pa wazee wanaona kama kosa la mpangilio, hata akiwa hajafanya lolote.

#18 Kambo_Fort_Worth

Bi Mkunazini, nilifikiri hivyo mpaka yalipotukuta. Naomba niseme yetu.

Mama yangu aliletwa kama mkimbizi kutoka kambi ya Nyarugusu. Akapewa chumba kimoja na sebule kwenye jengo la wazee wa 62+. Dada yangu alipojifungua mtoto wa pili alipata matatizo, akalazwa karibu miezi miwili. Mtoto mkubwa, miaka minne, akaenda kwa mama. Meneja wa jengo akaanza kuhesabu: mgeni hazidi siku 14. Siku ya 15 karatasi iko mlangoni. Mama hasomi Kiingereza, akaiweka chini ya Biblia akidhani ni tangazo la dawa ya mende. Siku ya 22 ikaja ya pili. Mimi ndiyo nikaisoma.

Tulifanya nini? Tulimhamisha mtoto kwangu, tulikuwa saba katika vyumba viwili. Mama alikuwa anapanda basi mara mbili kila asubuhi kuja kukaa naye, anarudi usiku. Alikuwa na miaka 71. Hatukuuliza sheria. Tuliogopa tu.

#19 Nyakio_Lowell

Kambo, pole sana. Lakini swali: jengo hilo lilikuwa la ruzuku ya serikali, yaani kodi inalipwa kulingana na kipato?

#20 Kambo_Fort_Worth

Ndiyo, mama alikuwa analipa theluthi hivi ya kidogo alichopata.

#21 Nyakio_Lowell

Basi ndugu yangu huenda mlionewa. Nafanya kazi na shirika la kusaidia wapangaji. Majengo ya wazee yanayofadhiliwa na Wizara ya Nyumba, HUD, kwa programu kama ile ya Kifungu cha 202, sharti la miaka 62 liko kwa mkuu wa kaya ama mwenzi wake. Mwongozo wa wizara unasema mwenye jengo haruhusiwi kumkataa mzee anayestahili kwa sababu tu ana mtoto anayemlea. Anaweza kusema chumba ni kidogo kwa idadi ya watu, hiyo ni hoja nyingine, na kanuni ya mgeni wa siku 14 inabaki palepale mpaka mzee aombe mtoto aandikwe rasmi kwenye kaya. Wengi hawaambiwi kwamba wanaweza kuomba.

Na kuna mahali huku kwetu nataka mpajue. Dorchester, Boston, kuna GrandFamilies House, ilifunguliwa 1998, ya kwanza nchini: nyumba zimejengwa kwa ajili ya mashosho na maguka wanaolea wajukuu. Bafu lina vishikizo vya mzee, chini kuna mahali pa watoto kucheza. Bronx, New York, wakajenga yao 2005. Na 2003 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayoitwa LEGACY kusaidia nyumba za namna hii. Kwa hiyo nchi inajua tatizo lipo.

#22 Fundi_Hesabu

Zipo ngapi hizo? Watoto wanaolelewa na ndugu bila wazazi ndani Marekani ni zaidi ya milioni mbili. Jengo moja Boston na jingine Bronx haziwafikii.

#23 Wakala_Philly

Nyakio yuko sahihi kwa majengo ya ruzuku. Tusichanganye na kesi ya mleta uzi, pale ni nyumba binafsi waliyonunua. Mlango wa Kifungu cha 202 haumhusu.

#24 Kambo_Fort_Worth

Nimesoma #21 mara tatu. Nimempigia dada yangu sasa hivi. Ahsante Nyakio. Imepita miaka mitano, lakini ahsante.

#25 Mama_Sacramento

Kila jimbo lina yake, msisahau. California sheria ya jimbo inasema mjukuu mwenye ulemavu ambaye anahitaji kuishi na mzee wake kwa sababu ya ulemavu huo anahesabiwa mkazi halali wa makazi ya wazee. Na mgeni mwenye umri mdogo lazima aruhusiwe kulala angalau siku 60 kwa mwaka, jumuiya haiwezi kuweka pungufu. Ninamfahamu mama wa Kirundi hapa aliyemwingiza mjukuu mwenye selimundu kwa njia hiyo, kwa barua ya daktari.

Arizona sijui yao. Ila dada angalia hati ya mtaa wenu inasema mgeni siku ngapi. Sun City kwa mfano ni 90 kwa mwaka. Tangu Agosti huenda wao wameanza kuhesabu siku vibaya.

#26 Muleba_Mpaka_Leo

Nilikuwa nasoma tu kimya. Mimi ni mtoto wa bibi. Kagera, miaka ya themanini mwishoni, baba akatangulia, mama akafuata miezi minane baadaye, mnaujua ugonjwa. Tulikuwa wajukuu sita kwa bibi mmoja, kutoka kwa watoto wake watatu. Kila kijiji Muleba kilikuwa na nyumba kama yetu. Hakuna aliyemuuliza bibi kama ana karatasi.

Lakini nataka niseme kitu kwa wanaosifia ya nyumbani. Bibi hakuwa na msaada wowote. Usiku alikuwa anasaga mahindi kwa mikono yenye baridi yabisi, na tulikuwa tunamsikia akilia akidhani tumelala. Hakuna jirani aliyemfukuza, ni kweli. Wala hakuna aliyemletea debe la mahindi. Sasa naona huko bibi ana gereji, gari, mwanamke wa kumsaidia mume wake, halafu hana ruhusa. Kwetu ruhusa ilikuwepo tele. Sijui kipi kinamchosha mtu zaidi.

#27 Bi_Mkunazini

Mwanangu #26, nimekusoma. Mungu amrehemu bibi yako.

#28 Chalii_Ngarenaro

#26 umenifanya nimpigie bibi yangu Usa River. Kaniuliza nimefanya kosa gani.

#29 MamaBaraka_AZ (mleta uzi)

Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya, nilikuwa zamu ndefu. Nimempelekea bibi maelezo yenu yote, nilimtafsiria usiku mezani wakati mtoto analala. Youngtown alikuwa hajawahi kuisikia, na iko dakika chache kutoka pale tulipokaa.

Tumesoma hati ya nyumba pamoja. Kurasa 71. Ni 55+. Ukurasa wa 38 unasema bodi "inaweza, kwa hiari yake, kutoa msamaha wa muda kwa sababu ya dhiki." Hiyo sentensi haikuwa kwenye barua yao.

#30 Wakala_Philly

Hapo hapo! Aombe msamaha huo kwa maandishi kabla siku 30 hazijaisha, aambatanishe karatasi ya mahakama, barua ya shule, na barua ya binti yake. Aombe muda wenye mwisho unaojulikana, asiseme "mpaka mambo yatulie". Bodi zinaogopa mlango usiofungika. Na aulize kwa maandishi uhakiki wa umri wa wakazi ulifanyika lini mara ya mwisho. Wanatakiwa kuurudia angalau kila baada ya miaka miwili. Jumuiya ikiwa haijafanya, hadhi yake ya 55+ inayumba, na malalamiko HUD yana muda wa mwaka mmoja tangu tukio.

#31 Nesi_Tampa

Hapo kwenye uhakiki mwambie aende polepole. Akianza na vitisho, majirani wanaomwonea huruma watanyamaza. Aanze na ombi. La uhakiki aliweke mkobani.

#32 Fundi_Hesabu

Mimi ningeanza nalo. Waliomtumia picha ya chaki ya mtoto hawakuanza na ombi.

#33 Mama_Sacramento

Kitu kingine kinanikaa moyoni. Msaidizi anayehitajika kumhudumia mkazi mwenye ulemavu hahesabiwi kwenye ile asilimia hata akiwa na miaka 25. Yaani MamaBaraka wewe wangeweza kukupa chumba ulale pale kihalali kwa sababu ya kiharusi cha babu.

#34 MamaBaraka_AZ (mleta uzi)

Nilijua. Waliniambia mwaka jana nikitaka nihamie. Sikuwahi kulifikiria kwa upande huo mpaka ulipoandika.

#35 Mzee_Kigamboni

Babu mwenyewe anasemaje? Tumemjadili bibi uzi mzima.

#36 MamaBaraka_AZ (mleta uzi)

Babu maneno yanamtoka kwa shida. Lakini mazoezi ya mkono anafanya na mtoto. Daktari wa viungo alimpa mpira wa kubonyeza, akawa anaukataa. Mtoto akaleta ile chaki, sasa kila siku saa tisa wanakaa gereji wanachora kwenye ubao wa boksi, mkono wa kulia. Mstari wa kwanza ulikuwa kama umeandikwa garini barabara ya vumbi. Jana kaandika herufi tatu za jina la mtoto.

#37 Nesi_Tampa

Dada, hilo liandikwe. Mwombe daktari wa viungo aandike barua. Naomba sana, leo hii.

#38 MamaBaraka_AZ (mleta uzi)

Mrejesho. Kikao cha bodi kilikuwa jana jioni. Kila mtu dakika tatu. Bibi alisoma karatasi yake, mikono inatetemeka lakini sauti haikutetemeka. Barua ya daktari ilisomwa. Mzee mmoja akasema anasikitika lakini mkiruhusu mmoja mtaruhusu wote. Mwingine akasema bei ya nyumba. Halafu akasimama yule jirani wa mkono wa kushoto ambaye sisi sote tulidhani ndiye aliyepiga picha. Ana miaka 81. Akasema amekuwa akimsikia mtoto anaendesha baiskeli gereji tangu Agosti na anasubiri lini atatoka nje.

Bodi wamekubali mpaka mwisho wa muhula, Mei mwishoni. Faini imesimama. Baada ya Mei hawajasema kitu, na binti bado yuko kituoni.

#39 Wakala_Philly

Hongera. Mei si mbali. Ombi la pili liandikwe Machi, msisubiri barua.

#40 Fundi_Hesabu

Kwa hiyo picha alipiga nani?

#41 MamaBaraka_AZ (mleta uzi)

Hatujui. Bibi amesema hataki kujua.

#42 Wanjiku_Nevada

Hamjambo. Nimeuona uzi huu leo, nimeusoma wote. Mimi ni mjane, miaka 63, nilinunua nyumba ya 55+ mwaka juzi kwa akiba ya kazi ya usiku ya miaka ishirini. Mwanangu amefariki Nairobi mwezi uliopita. Mjukuu wangu wa miaka kumi anakuja Jumamosi, karatasi zake zimekamilika. Sijamwambia mtu yeyote hapa mtaani. Hati ya nyumba yangu ina kurasa nyingi na sijui nianzie ukurasa gani.

#43 Nyakio_Lowell

Pole sana mama, kwa msiba na kwa yote. Tafuta mahali pameandikwa wakazi, wageni na msamaha. Ukizipata, andika hapa maneno yenyewe, leo usiku. Mimi niko macho mpaka saa sita, saa za huku kwetu.